Jina la Mtunzi Lisikose Nafasi Katika Jalada la Kanda

Hivi majuzi niliingia katika duka dogo la kuchapisha nyaraka hapa Hurlingham, kando ya Barabara ya Argwings Kodhek, nikiwa na kanda moja kuukuu ya taarabu mfukoni. Kasha lake lilikuwa limekaa miaka mingi bila jalada. Juu ya kanda yenyewe palikuwa na neno moja tu lililoandikwa kwa kalamu ya wino: BHALO. Nilimwomba kijana wa dukani anitengenezee jalada jipya kwa kompyuta, nami nikaketi kumtazama.

Ama kwa hakika kijana yule ni fundi. Alichora jahazi, akapanda minazi, akalizamisha jua nyuma yake, kisha akapanga herufi za rangi ya dhahabu zenye kivuli. Kazi ambayo zamani ingemshughulisha mchoraji siku nzima kwa brashi, mkasi na gundi, yeye aliimaliza kabla chai yangu haijapoa. Mwishowe akaandika chini kabisa: Muziki na Maneno, Bhalo.

"Bhalo yupi, mwanangu?" nikamwuliza.

"Kwani wako wangapi, Mwalimu?"

Wako wawili, wasomaji wangu, na hapo ndipo penye chanzo cha makala haya. Mwimbaji ni Mohamed Khamis Juma Bhalo wa Mombasa, aliyefariki mwaka 2014. Mtunzi wa mengi ya mashairi aliyoyaimba ni jamaa yake, Ustadh Ahmad Nassir Juma Bhalo, mwenye diwani ya Malenga wa Mvita iliyochapishwa mwaka 1971. Mwanafunzi aweza kuhesabu mizani za malenga huyu darasani asubuhi, na jioni akasikia shairi la malenga yuyo huyo likiimbwa kwa kinanda na tabla nyumbani kwao, asitambue kamwe kwamba mwenye maneno ni mmoja. Simlaumu mwanafunzi huyo, kwa maana kile kijikaratasi ambacho kingemjulisha hakikumwambia neno.

Nilipomweleza kijana haya, alinijibu kwa adabu kwamba majina marefu yangeharibu picha, na kwamba nafasi haipo. Nikaomba rula. Uso wa jalada la kanda una milimita 101 kwa 65; mgongo wake ni milimita 13 hivi, na mkunjo mdogo wa nyuma ni kama milimita 16. Ni padogo, nakiri. Lakini karatasi ina pande mbili, na upande wa ndani ulikuwa mweupe pe. Isitoshe, ukiongeza ukurasa mmoja wa kukunjwa ndani, mwembamba kidogo kuliko ule wa mbele ili usikwame katika kasha, unapata mahali pa majina ya wapigaji wote, mwaka, mji iliporekodiwa, na hata beti mbili tatu ukipenda. Programu ya kompyuta haijali kama mistari ni mitatu au thelathini. Ni sisi tuliokubali kwamba jua linalozama lina haki zaidi ya kuonekana kuliko mtunzi.

Waama, ugonjwa huu haukuanza na kompyuta. Kampuni ya Philips ilipoitoa kaseti mwaka 1963, ilimpa mtu wa kawaida uwezo wa kurekodi na kurudufu sauti bila kiwanda. Neema hiyo ilikuja na balaa yake. Katika miaka ya themanini na tisini River Road ilikuwa soko kubwa la muziki wa Kenya, na papo hapo ikawa makao ya warudufishaji wasio na idhini. Kanda halali ilikuwa na jalada lililochapishwa, lenye picha ya bendi na Sanduku la Posta. Ya wizi mara nyingi ilikuwa na karatasi ya fotokopi iliyofifia, au haikuwa na kitu. Mnunuzi alipata wimbo, lakini jina la mwenyewe lilibaki njiani.

Hasara yake twaijua. Wimbo wa "Malaika" umeimbwa na Miriam Makeba, Harry Belafonte na wengineo ulimwenguni kote, lakini mabishano kuhusu mtunzi wake hayajesha. Wako wanaomtaja Fadhili William, aliyefariki mwaka 2001, na wako wanaomtaja Adam Salim wa Tanzania. Sidai kwamba jalada moja lingemaliza ugomvi huo. Nasema tu kwamba wimbo usioandikwa mwenyewe mapema humpa kila apitaye nafasi ya kuudai. Nayo Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 inampa mtunzi haki ya kutajwa kuwa ndiye mwenye kazi, hata kama haki za kuiuza zimekwisha kwenda kwa mwingine.

Wapo watakaoniuliza: nani leo asikilizaye kanda? Ni wachache, nakubali. Lakini kanda hizo zingalimo makabatini mwetu, na utepe wake unazidi kuchakaa. Sasa vijana wanazihamishia kwenye simu, jambo jema sana, ila wimbo ukifika huko huitwa "Wimbo wa 1" na "Wimbo wa 2". Jalada lililoandikwa vyema laweza kupigwa picha na kuusindikiza wimbo kokote uendako.

Ndiyo sababu nawaomba walimu wenzangu, hasa wa Kiswahili na wa kompyuta, waifanye kazi hii darasani. Mtaala wa umilisi unatutaka tuwafunze watoto kwa vitendo. Basi kila mwanafunzi na alete kanda moja kutoka kwao, aisikilize, awahoji wazee, kisha asanifu jalada lake. Programu za bure zipo. Picha nzuri ipewe alama zake, lakini jina la mtunzi lililohakikishwa lipewe zaidi. Na penye shaka mwanafunzi aandike kwamba pana shaka, wala asibuni.

Kijana wangu wa Hurlingham alilipanga jalada upya. Jahazi limebaki, jua limepungua. Majina ya Bhalo wawili yamekaa upande wa mbele, kila mmoja na kazi yake, na ndani pana orodha ya wapigaji ambayo bado haijakamilika. Mstari wa mpiga tabla tumeuacha wazi. Ikiwa msomaji yeyote alikuwa Mombasa siku hizo na anamkumbuka, namsihi aniandikie kupitia kwa mhariri. Kijana ameahidi kuchapisha nakala nyingine bila malipo.