Pointi za Dukani: Faida Yake, na Mwenyewe ni Nani



Ramadhani haiko mbali, na nyumba nyingi, kuanzia Mji wa Kale na Kibokoni hadi Majengo na Tudor, zimekwisha anza kununua kidogo kidogo: mchele, tende, sukari, unga wa ngano, mafuta ya kupikia. Ni majira ambayo pesa nyingi hutoka kwa muda mfupi, na ni majira hayo hayo ambayo maduka makubwa hutuvuta kwa kadi za pointi na ahadi za kurudishiwa sehemu ya tulicholipa. Tumeulizwa mara kadhaa, na akina mama hasa, kama pointi hizi zina faida ya kweli, kama kuna ubaya wowote ndani yake katika dini, na, swali lililotufikirisha zaidi, ni za nani pale mtu anaponunua kwa pesa za wenziwe. Tutajaribu kuyajibu yote matatu, ijapokuwa si kwa urefu ulio sawa.

Tuanze na asili ya jambo. Kumpa mnunuzi kitu juu ya alichonunua si mtindo mpya kwetu. Anayekwenda Marikiti, soko lililopewa jina la Mackinnon zama za Waingereza, hajapata kuondoka na fungu la mchicha bila ya kusema “niongeze”, na muuzaji humwongeza shina moja au mawili. Kule Mtaa wa Biashara, anayenunua leso kwa korija hapewi bei ya anayenunua jozi moja. Tofauti ni kwamba nyongeza ya Marikiti huiona papo hapo, ukaitia kapuni. Pointi ya supamaketi ni nyongeza ya ahadi: umelipa leo, utapewa kesho, kwa masharti ambayo mwenye duka ndiye aliyeyaandika na ndiye anayeweza kuyabadilisha. Na pesa zake hazitoki mbinguni. Zatoka katika faida ya duka, au, kwa upande wa kadi za benki, katika ada ambayo mwenye duka huilipa benki kila kadi inapopitishwa. Kwa njia moja au nyingine, zimo tayari katika bei.

Sasa tuhesabu. Chukua mfano wa duka linalotoa pointi moja kwa kila shilingi 100, na pointi hiyo ikawa na thamani ya shilingi moja. Hiyo ni asilimia moja. Nyumba inayonunua vitu vya shilingi 20,000 kwa mwezi itapata shilingi 200, na kwa mwaka mzima shilingi 2,400. Si haba, ni mafuta ya kupikia ya siku kadhaa za mfungo. Lakini angalia zinavyopotea kwa wepesi. Mfuko wa mchele ukiwa ghali kwa shilingi 50 kuliko dukani kwa jirani, itakubidi ununue vitu vya shilingi 5,000 ndipo pointi zikurudishie hizo 50. Na ukipanda tuktuk kuvuka Nyali kwa ajili ya pointi tu, nauli ya kwenda na kurudi huenda ikameza ulichokusanya kwa miezi miwili. Kwa hiyo jambo la kwanza ni orodha. Iandikwe nyumbani, kabla ya kuziona rafu, na bei zilinganishwe kwa kilo na kwa lita, si kwa pakiti, kwani pakiti siku hizi zinapunguzwa uzito kimya kimya. Kilichomo katika orodha kikinunuliwa kwa bei njema, pointi ni faida halisi. Kilichotiwa kapuni kwa kuwa “leo kina pointi mara mbili” ni matumizi yaliyovaa joho la akiba.

Twaja kwenye kadi za benki, na hapa yataka tupambanue. Kadi inayokata pesa zako mwenyewe zilizomo katika akaunti haina tatizo kwa asili yake, na duka likikupunguzia bei kwa kuitumia, hilo ni punguzo kama punguzo jingine. Kadi ya mkopo ni jambo jingine. Benki hukulipia leo, nawe ukichelewa kuirudishia, deni huzaa. Baraza la Fiqhi ya Kiislamu la Jeddah lililizungumzia suala hili katika kikao chake cha Riyadh mwaka 2000, kwa azimio namba 108, likasema kwamba haijuzu kutoa wala kuitumia kadi ya mkopo ambayo mkataba wake una sharti la riba, hata kama mwenye kadi amenuia kulipa kabla ya muda wa msamaha kwisha. Kipengele hiki cha mwisho ndicho wengi wasichokijua. Husikika mtu akisema, “Mimi hulipa kwa wakati, riba hainifikii.” Azimio latazama sahihi uliyoitia katika mkataba, si nia yako ya kuwahi tarehe.

Na hata anayeipima kwa shilingi tu hatapata hesabu nzuri. Tuseme riba ni asilimia 3 kwa mwezi. Deni la shilingi 20,000 lililolala mwezi mmoja limezaa 600, yaani pointi za miezi mitatu za ile nyumba tuliyoitaja. Hapo hatujaingiza ada ya mwaka ya kadi yenyewe. Yule anayehitaji kadi kwa safari au kwa kununua vitu vya ng’ambo basi na aende katika benki zetu zinazofuata sharia. Tangu mwaka 2008, Gulf African Bank na First Community Bank zilipofungua milango, ambayo hii ya pili sasa yaitwa Premier Bank, twaweza kuuliza swali hili katika benki bila ya kutazamwa kama wageni. Aulize wazi: nikichelewa, natozwa nini, na pesa hiyo inakwenda wapi?

Twajua kwamba wengi wa wasomaji wetu hawana kadi ya mkopo wala hawaitaki. Lakini wana simu. Tangu Januari 2019 kuna Fuliza, ambayo humkamilishia mtu malipo pale salio la M-Pesa linapopungua, kisha humtoza ada ya kuanzia na ada ya kila siku mpaka deni lishe. Tofauti yake na kadi ya mkopo ni jina na ukubwa wa kiasi. Mama aliyesimama kaunta, nyuma yake pana foleni, pesa zimepungua shilingi 300, naye akakubali ujumbe uliotokea kwenye simu ili asiaibike, hana nafasi ya kusoma mkataba wakati ule. Ni afadhali kuipunguza bidhaa moja kapuni. Keshia amezoea, haoni ajabu.

Kuna jambo la pili la kujilinda nalo, nalo ni kuzikalia pointi. Kina mama wengi wa hapa wataikumbuka Nakumatt, iliyoanzia Nakuru ikaenea Afrika Mashariki na kuwa na matawi zaidi ya sitini, pamoja na tawi lake la Nyali. Kadi yake ilikuwa katika mikoba mingi ya mji huu, na wako waliokuwa wakizihifadhi pointi kama mtu ahifadhivyo dhahabu, wakisubiri zitimie za kununua jokofu au jiko. Mwaka 2017 rafu zilianza kubaki tupu, na Januari 2020 wadai wakapiga kura kampuni ifilisiwe. Palipokuwa na benki na wauzaji bidhaa waliodai mabilioni, mwenye pointi mia nane angesimama wapi? Pointi si pesa iliyowekwa, ni ahadi ya duka, na duka likifa ahadi nayo hufa.

Hata pale kampuni isipokufa, masharti huweza kugeuka. Pointi za Bonga za Safaricom zimekuwako tangu mwaka 2007, na watu wamezilimbikiza kwa miaka bila ya kuzigusa. Mwaka 2022 kampuni ilitangaza kuwa pointi zilizokaa zaidi ya miaka mitatu zingefutwa kuanzia Januari 2023. Wateja wakapiga kelele, na mpango ukasitishwa. Wengi ndipo walipobonyeza *126# kwa mara ya kwanza wakakuta wana maelfu. Zinaweza kununua muda wa maongezi, na tangu mwaka 2020 zimeweza kulipia bidhaa katika maduka yanayopokea Lipa na M-Pesa. Ushauri wetu ni kuzitumia kila baada ya miezi michache, na katika mwezi wa Shaabani hasa, wakati kila shilingi ina kazi. Na nyumba moja itumie namba moja ya simu dukani. Tumeona nyumba ambayo baba ana pointi zake, mama zake, na vijana wawili zao, na hakuna mwenye za kutosha kununua hata kilo ya tende.

Sasa lile swali la tatu. Dada mmoja huaminiwa na jirani zake kuwanunulia vitu vya futari kwa jumla. Nyumba kumi na mbili humletea shilingi 3,000 kila moja. Anakwenda dukani na shilingi 36,000, anataja namba yake ya simu, na pointi za shilingi 360 zinaingia kwake. Je, ni zake?

Katika fiqhi, aliyetumwa kununua kwa mali ya mwenziwe ni mtu wa amana. Akinunua kwa bei ya chini kuliko aliyoagizwa, kilichobakia ni cha mwenye mali, si ujira wake, ila kama waliafikiana hivyo tangu mwanzo au mwenye mali amemwachia kwa radhi yake. Pointi zimetokana na pesa za wale kumi na wawili, kwa hiyo nasi twaona njia ni hiyo hiyo. Shilingi 30 kwa kila nyumba ni kitu kidogo, na tuna hakika jirani kumi kati ya kumi na wawili watasema “chukua, umetaabika kwa jua.” Lakini nawaulizwe wayaseme. Njia nyepesi ni kulitaja siku pesa zinapokusanywa: “Pointi zitaingia kwangu, mwaniruhusu, au tuzitumie kununulia sukari ya ziada?” Sentensi moja, mambo yamekwisha, na hakuna atakayenong’ona baadaye barazani.

Uzito huongezeka pesa zinapokuwa si za majirani wanaojuana bali za sadaka. Wanaonunua mchele wa zakatul-fitri kwa niaba ya msikiti, au vyakula vya mayatima, hushika malaki ya shilingi kwa siku mbili tatu za mwisho wa Ramadhani. Hapa wa kuruhusu ni vigumu kumpata: aliyetoa amekwisha toa, na anayestahiki hajui hata kama pointi zipo. Twapendekeza kamati ziwe na namba ya simu iliyosajiliwa kwa kazi hiyo peke yake, pointi zionekane katika hesabu kama zinavyoonekana risiti, na thamani yake irudi katika mchele. Na kama duka laweza kupunguza bei papo hapo kwa mnunuzi wa magunia, basi hilo liombwe kwanza, kwani punguzo lililoandikwa kwenye risiti halina mjadala. Wenye mashaka katika sura mahususi wamwendee shekhe wa mtaa wao wakiwa na masharti ya kadi mkononi.

Tuingize neno dogo kuhusu kutaja namba. Si vizuri mwanamke kutakiwa kuipaza namba yake ya simu mbele ya foleni ya watu asiowajua, na tumesikia malalamiko ya waliopigiwa simu baadaye na wasiowataraji. Omba kadi ya kupitishwa kwenye mashine, au uiandike namba kwenye karatasi umpe keshia. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inakupa pia haki ya kuelezwa taarifa zako zinatumiwaje na kukataa kuletewa matangazo.

Amebaki mmoja ambaye hatajwi katika mazungumzo haya, naye ni msichana wa kazi anayetumwa dukani kila siku. Huulizwa namba kaunta, hutaja yake, kwa kuwa ndiyo aijuayo kwa moyo. Tumesikia ya mfanyakazi aliyegombezwa na kuitwa mwizi kwa pointi ambazo bibi wa nyumba mwenyewe hakupata kujua kuwa zipo. Ikiwa mwazitaka, mpeni kadi ya nyumba na mumweleze tangu siku ya kwanza. Ikiwa hamzitaki, basi mwambieni kwa mdomo, mbele ya wenye nyumba wote wawili, kwamba pointi ni zake, ili siku atakapokwenda kwao kwa Idi azitumie bila ya kuangalia nyuma.