Haki ya Mtoto Asiyeona katika Sadaka Zetu



Mwezi huu tuzungumze juu ya sadaka, khasa ile impasayo mtoto asiyeona. Desturi yetu yajulikana. Siku ya Ijumaa watu wakitoka msikitini, kila mmoja humtilia kipofu shilingi kiganjani, akaenda zake moyo umetulia. Sadaka hiyo ni njema, wala hatuikatazi. Walakini yamshibisha jioni moja tu. Ijumaa ya pili yuko pale pale mlangoni, na baada ya miaka ishirini yuko pale pale, ila ndevu zimemtoka.

Sote twaijua Sura ya Abasa, sura ya 80, na kisa cha Abdullahi bin Ummi Maktum, Mwenyezi Mungu amridhie. Fahamuni kwamba sahaba huyu hakuja kuomba chakula wala nguo. Alikuja kutaka kufundishwa. Kisha akawa mwadhini wa Mtume (S.A.W.) pamoja na Bilali, na Mtume alipokuwa safarini, aliachiwa yeye kuisimamia Madina. Basi haja ya kwanza ya kipofu ni elimu, na elimu ina gharama.

Tazameni mfano mwingine. Mwaka 1785 Valentin Haüy alifungua shule ya vipofu mjini Paris, Ufaransa, kwa msaada wa jumuiya ya wafadhili. Mwaka 1819 akaingia humo mtoto wa miaka kumi, Louis Braille, mwana wa fundi wa matandiko ya farasi, aliyejichoma jicho kwa chombo cha kazi cha baba yake. Alisomeshwa kwa ufadhili. Alipokuwa na umri wa miaka 15 akabuni maandishi ya nukta nundu, nukta sita zisomwazo kwa ncha za vidole. Leo vipofu wa dunia nzima wazisoma, na Msahafu pia unapigwa chapa kwa nukta hizo. Wale waliotoa fedha zao mwanzo hawakumjua mtoto huyo, wala hawakuota kwamba sadaka yao itafika kwetu.

Nasi je, fedha zetu zinunue nini? Kwanza karatasi. Karatasi ya nukta nundu ni nene, wala haipatikani katika kila duka. Madrasa ikipewa mashine ya kuandikia kisha isipate karatasi, mashine hiyo ni pambo la kabati. Kwa mwanafunzi anayeanza chatosha kibao chenye vitundu na msumari butu: huandika kutoka kulia kwenda kushoto, akageuza karatasi, akasoma kutoka kushoto, hata ikiwa ni Kiarabu. Pili, mshahara wa mwalimu aliyejifunza kazi hiyo. Tatu, fimbo nyeupe, na nauli ya kumfikisha shuleni. Kuna wasemao kwamba siku hizi simu husoma kwa sauti. Ni kweli, na msaada huo ni mkubwa. Walakini asikiaye tu hajui neno limeandikwaje.

Tena si kila mtoto wa namna hii ni kipofu kabisa. Wako wenye uoni hafifu, ambao miwani au kioo cha kukuzia huwatosha. Na wako wazaliwao na mtoto wa jicho. Huyo yataka apelekwe kwa daktari wa macho upesi, katika miezi ya mwanzo, kwani jicho lililokaa gizani miaka ya utotoni halijifunzi tena kuona sawasawa, hata likipasuliwa. Nauli ya basi ikitolewa mapema huenda ikaokoa macho ya mtu maisha yake yote.

Wenzetu wametutangulia. Jeshi la Wokovu lilianzisha shule ya vipofu ya Thika, Kenya, tangu mwaka 1946. Yatupasa kuwashukuru, na kuwaiga.

Nashauri hivi. Kila mtaa uweke fungu la watoto wasioona, mikononi mwa waaminifu watatu, na hesabu isomwe mbele ya watu kila mwezi: kilichoingia, kilichotoka, kilichobaki. Watu hawachoki kutoa. Huchoka kutoona fedha zao zimefanya nini. Mwenye uwezo aweke wakfu, ijapokuwa chumba kimoja cha kupangisha au minazi michache, ili pato lisikatike, kwa kuwa mtoto hasomi kwa Ramadhani moja. Mtoto fukara anastahiki Zaka pia kwa ufukara wake. Waulizeni masheikh wenu.

Nanyi wazazi, msimfiche mtoto wenu chumbani kwa kuona haya. Fungu halimfikii asiyejulikana. Nanyi vijana msio na fedha, mnayo macho: mwendeeni mwenzenu, mumsomee kitabu cha shule, mumshike mkono njiani hata aizoee njia mwenyewe.

Mwenyezi Mungu atuwafikishe. Amin.