Njia ya baiskeli isiishie barabara kuu

MUUZA mayai anayetoka Kimara alfajiri na trei kumi kwenye keria amebeba mayai 300, na pengine mtaji wake wote. Si lazima agongwe na lori ili afilisike. Pikipiki ikimpita karibu mno, akayumba na kuangukia mtaroni, biashara imekwisha.

Jijini Dar es Salaam baiskeli ni chombo cha mizigo kabla ya kuwa cha mazoezi. Kuku wa kwenye matenga, mchicha, mikate na mkaa hufika magengeni kwa nguvu za miguu ya watu. Bei ya petroli ikipanda, nauli ya mizigo hiyo haipandi. Hata hivyo, wataalamu wakijadili masoko ya mazao huzungumzia pembejeo, ushuru na madalali. Usalama wa mchuuzi barabarani huachiwa askari wa trafiki.

Hilo ni kosa la kihesabu. Hatari ina gharama hata siku ambayo ajali haikutokea. Mwendeshaji mwenye hofu hupunguza mzigo, huzunguka njia ndefu au husubiri kupambazuke, wakati bidhaa nzuri sokoni zimeshachukuliwa. Mwingine huhamia bodaboda na kulipia mafuta. Anayefidia tofauti hiyo ni mlaji.

Mradi wa mabasi yaendayo haraka, ulioanza kutoa huduma Mei 2016, uliweka njia za baiskeli kando ya Barabara ya Morogoro. Ulikuwa mwanzo mzuri, na jiji likapata tuzo ya kimataifa ya usafiri endelevu ya mwaka 2018. Lakini bodaboda nazo huzitumia njia hizo, na magari huegeshwa humo. Wapo pia wachuuzi wanaopanga bidhaa, ingawa kuwafukuza tu si dawa, kwani baadhi yao ndio wateja wa hao hao wenye baiskeli.

Pengo kubwa zaidi liko pembeni. Mzigo hauishii barabara kuu. Unakwenda Mabibo, Tandale, Buguruni. Barabara kuu ziko chini ya TANROADS, na za mitaa chini ya TARURA, iliyoundwa mwaka 2017. Mwendeshaji hajui mpaka wa taasisi hizo. Anachojua ni kwamba njia yake imekatika na daladala iko nyuma yake.

Halafu kuna mwendo. Sheria inaruhusu kilomita 50 kwa saa kwenye maeneo ya makazi. Gari la kasi hiyo hugonga kwa nguvu inayokaribia mara tatu ya lile la kilomita 30, kiwango kilichopendekezwa na Azimio la Stockholm la Februari 2020 kwa sehemu ambako magari huchanganyika na watembea kwa miguu na baiskeli. Kuzunguka masoko, kiwango hicho kingefaa kuanza mara moja. Matuta yatasaidia, mradi yaachiwe upenyo pembeni. Mwenye mayai huliogopa tuta kama anavyoliogopa lori.

Halmashauri hukusanya ushuru katika masoko hayo. Sehemu yake ikitengwa kwa nguzo za kuzuia magari kuingia njia za baiskeli, na kwa vipande vinavyounganisha soko na barabara kuu, itakuwa matumizi madogo kuliko kujenga barabara mpya. Upana wa vipande hivyo upimwe kwa baiskeli yenye matenga mawili, si kwa baiskeli tupu.