Kaunti zinahesabu viti, nani anahesabu foleni?

Wasomaji wa huku Pwani watanisamehe wiki hii nikiwapeleka mbali, hadi Kitale na Bungoma. Nilikuwa huko kwa shughuli ya kifamilia, dada yangu ameolewa upande huo, na kama kawaida yangu nikaishia kwenye mazungumzo ya serikali. Nimerudi Mombasa na swali moja ambalo halikunipa usingizi kwenye basi. Miji inakua, serikali zake zinakua, maafisa wanataka pa kukaa. Tujenge wapi, kiasi gani, na kwa ajili ya nani? Ndugu zetu wa Lamu na Tana River wanalijua swali hili vizuri kuliko wengi, na nitawafikia.

Kwanza watu. Sensa ya 2009 iliupa mji wa Kitale wakazi kama 106,000. Miaka kumi baadaye, 2019, walikuwa zaidi ya 160,000. Yaani kila wakazi wawili wameongezewa wa tatu. Mji wa Bungoma ni mdogo kwa Kitale, kama watu 68,000 hivi, lakini kaunti yake ndiyo kubwa: watu 1,670,570, na Trans Nzoia 990,341. Bungoma ina maeneo bunge 9 na wadi 45. Trans Nzoia ina 5 na 25. Kwa mizani ya nyumbani, Kilifi ina 7 na 35.

Sasa rudi nyuma hadi Machi 2013. Serikali za kaunti zilipoanza, zilirithi majengo ya mabaraza ya zamani. Kitale kulikuwa na baraza la manispaa na baraza la kaunti ya Nzoia. Upande wa Bungoma kulikuwa na manispaa za Bungoma, Webuye na Kimilili, mbali na mabaraza mengine. Nani asiyeyajua majengo ya namna hiyo? Ukumbi wa madiwani, ofisi ya karani wa baraza, ya mhazini, ya mhandisi, ya afisa wa afya, na dirisha la kulipia lenye vyuma. Yalijengwa kwa kazi hiyo na yakaitosha. Ghafla akaingia gavana na naibu wake, mawaziri wa kaunti wasiozidi 10, maafisa wakuu wa idara, wakurugenzi, bodi ya utumishi wa umma, kisha bunge la kaunti na spika wake, makarani wake na kamati zake. Ofisi za mkuu wa wilaya, ambazo wengi wetu tulidhani zitaenda kwa kaunti, zilibaki na serikali ya kitaifa chini ya kamishna wa kaunti. Kuorodhesha mali ya mabaraza na kuigawa ilikuwa kazi ya Mamlaka ya Mpito, ambayo muda wake uliisha 2016 ikaiachia kamati nyingine kazi hiyo.

Kisha kukatokea jambo ambalo halizungumzwi sana. Manispaa zilirudi. Kuanzia 2018 hivi, kaunti zilipewa sababu nzuri ya kuzifufua: mpango wa kusaidia miji uliofadhiliwa na Benki ya Dunia ulitaka mji uwe na hati yake, bodi yake na meneja wake kabla haujapata fedha. Kitale na Bungoma zote zikawa na bodi za manispaa chini ya Sheria ya Maeneo ya Miji na Majiji. Ni kama mtoto aliyekwenda masomoni akirudi anakuta baba mdogo amehamia nyumba ya marehemu, ameshika vyumba vyote, na yeye anatandikiwa mkeka sebuleni. Nyumba iliyojengwa kwa ajili ya mji sasa ni ya kaunti, na mji wenyewe unatafuta pa kukaa.

Na bado kuna tamaa ya ujiji. Sheria hiyo ilipopitishwa 2011 ilitaka watu 500,000 ili mji uwe jiji. Marekebisho ya 2019 yalishusha idadi hadi 250,000. Eldoret, jirani wa Kitale, ilipewa hati ya jiji Agosti 2024. Sioni ajabu Kitale nayo ikianza kujipima kwa kipimo hicho. Kila ngazi ya hadhi huja na vyeo, na vyeo huja na milango yenye vibao.

Hapo ndipo jibu la haraka linapokuja: tujenge makao makuu mapya, ghorofa kadhaa, kila idara na sakafu yake. Sisemi ni wazo baya kwa jumla. Kodi ya pango inakula fedha kila mwezi na haiachi tofali hata moja. Lakini msomaji ajue kitu kimoja kuhusu bajeti. Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma inataka angalau asilimia 30 ya bajeti ya kaunti iende kwenye maendeleo. Pango la ofisi huhesabiwa matumizi ya kawaida. Jengo la ofisi huhesabiwa maendeleo. Kwa hiyo kwenye karatasi, shilingi iliyomjengea mkurugenzi ofisi inakaa safu moja na shilingi iliyochimba kisima. Gavana anayetaka kutimiza asilimia 30 bila maneno mengi atalipenda jengo. Lina mkandarasi mmoja, jiwe moja la msingi, na picha nzuri.

Shida yangu hasa ni namna hesabu ya nafasi inavyofanywa. Mara nyingi huanza na orodha ya wafanyakazi: tuna watu elfu kadhaa, kwa hiyo tuna upungufu wa ofisi. Hesabu hiyo inadanganya. Wafanyakazi wa kaunti ni akina nani? Kundi kubwa ni la afya: wauguzi, matabibu, wahudumu wa maabara. Kisha kuna walimu wa chekechea, maafisa wa kilimo na mifugo, askari wa kaunti, wanaofagia masoko. Hao hawahitaji meza kwenye makao makuu. Muuguzi anahitaji zahanati yenye maji. Afisa wa kilimo wa Kwanza au Tongaren anahitaji pikipiki na mafuta, pamoja na chumba kidogo wadini cha kuwekea vipimo vya udongo na kukutana na wakulima.

Ukiwaondoa hao, wanaobaki wa ofisini hawafiki idadi inayotajwa majukwaani. Na hata hao si wote wapo kwa wakati mmoja. Tuseme kwa mfano tu kwamba kaunti ina maafisa 300 wa ofisini. Wahandisi wako barabarani, wakaguzi wako masokoni, wengine wako kwenye warsha Naivasha au huku kwetu Mombasa (hoteli za Pwani zinawajua vizuri maafisa wa kaunti za magharibi, na hatulalamiki). Ukipita saa nne asubuhi ukahesabu viti vyenye watu, si makoti yaliyoning'inizwa, huenda ukapata 180. Kumjengea kila mmoja wa wale 300 chumba chenye mlango ni kujenga vyumba 120 vya makoti. Hesabu hii ya kupita na kuhesabu haihitaji mshauri kutoka Nairobi. Inahitaji kijana mmoja mwenye daftari kwa wiki mbili. Na akishahesabu maafisa, ageuke ahesabu upande wa pili wa dirisha: watu wangapi wamekuja, wametoka wapi, wamekuja kwa shida gani, wamesimama muda gani.

Kitu kingine kinachosahauliwa kwenye michoro ni masijala. Hapa nina kidonda changu. Miaka michache iliyopita nilizungushwa katika ofisi moja ya kaunti hapa Pwani, sitaitaja, nikitafuta rekodi ya kodi ya kiwanja cha marehemu baba. Mama mmoja wa pale, mwenye huruma, alinifungulia chumba. Mafaili yalikuwa sakafuni hadi kiunoni, mengine yameliwa na mchwa. Akaniambia, "Mwanangu, karatasi ya babako imo humu. Lakini nikisema nitaipata leo nitakuwa mwongo." Sikuipata siku hiyo wala wiki hiyo, nikalipa upya mwaka ambao baba alishalipa.

Mafaili ya ardhi na kodi za viwanja ndiyo pesa ya mji. Kitale ni mji wa mashamba makubwa yanayokatwakatwa kuwa viwanja. Kila kiwanja kipya ni faili, ramani, kibali cha ujenzi, na bili ya kila mwaka. Mji ulioongeza nusu ya wakazi wake katika miaka kumi umeongeza karatasi kwa kiasi hicho au zaidi. Kuziingiza kwenye kompyuta ni sawa, lakini lazima kuwe na chumba kikavu cha kuzipanga kwanza, na sakafu inayobeba uzito wake, kwa maana rafu za mafaili ni nzito kuliko watu. Chumba hicho hakina kibao cha mkubwa, ndiyo sababu hakuna anayekipigania.

Siku ya tatu shemeji alinipeleka Bungoma kwa barabara ya Kiminini, Kamukuywa, Kimilili na Chwele. Ndani ya matatu alikuwepo mzee kutoka upande wa Mlima Elgon aliyekuwa na bahasha ya kaki mkononi. Shemeji akamuuliza, "Mzee, unaenda mjini kuuza nini?" Akajibu, "Siuzi kitu. Napeleka karatasi kupigwa muhuri." Nauli ya kwenda, nauli ya kurudi, na siku nzima ya kazi, kwa muhuri. Sikumuuliza ni karatasi gani.

Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 ilimfikiria mzee huyo. Kifungu cha 48 kinataka huduma zishuke hadi kaunti ndogo, wadi na kijiji, na kuna msimamizi wa wadi anayelipwa mshahara kwa kazi hiyo. Lakini msimamizi asiye na ofisi ni mtu wa kutafutwa hotelini au kwa chifu. Wadi 45 za Bungoma na 25 za Trans Nzoia ni ofisi 70. Vyumba vitatu kila moja, umeme, kabati la chuma, benchi chini ya paa kwa wanaosubiri. Wekeni bei ya hizo 70 kando ya bei ya ghorofa moja mjini, wananchi waione kabla ya kuamua. Sijaona kaunti yoyote iliyoziweka bei hizo mbili kwenye ukurasa mmoja.

Sasa nyumbani. Lamu na Tana River ni mbili kati ya kaunti tano ambazo serikali ya kitaifa ilikubali kuzisaidia kujenga makao makuu, nyingine zikiwa Isiolo, Nyandarua na Tharaka Nithi. Zilianza karibu bila kitu, na haki yao kusaidiwa siipingi. Lakini tazama Lamu: makao yamewekwa Mokowe, bara. Mtu wa Kizingitini au Faza bado anapanda boti ili amwone afisa, na wa Kiunga ana safari yake nyingine. Jengo liwe zuri vipi, bahari iko palepale. Lamu ina wadi 10 tu. Kuziwekea ofisi kamili wadi 10 si kazi ya kushinda serikali.

Kuna mfano mzuri tunaupita kila siku bila kuutazama. Huduma Centre ya Mombasa iko ndani ya jengo la Posta, Digo Road. Hakuna aliyejenga ghorofa mpya. Walichukua jengo lililobakiwa na nafasi baada ya barua kupungua, wakaweka madirisha marefu, viti vya kungojea, na idara nyingi chini ya dari moja. Mwananchi hajui idara ipi inakaa wapi na hana haja ya kujua. Kitale na Bungoma nazo zina vituo vya Huduma vya serikali ya kitaifa, kwa hiyo maafisa wao wanaweza kutembea kwa miguu kwenda kuona jinsi inavyofanywa. Ukumbi wa zamani wa manispaa ungefaa kazi hiyo: sakafu ya chini iwe ya wananchi wote, na wakubwa wapande ghorofani badala ya kumpandisha ngazi mama mwenye mtoto mgongoni au mtu wa magongo.

Na kama ni lazima kujenga, basi kuta ziwe za kuhamishika. Idara za kaunti hubadilika kila gavana akiingia. Bungoma ilimpata Kenneth Lusaka 2013, Wycliffe Wangamati 2017, kisha Lusaka tena 2022. Trans Nzoia ilikuwa na Patrick Khaemba kwa mihula miwili kabla ya George Natembeya. Idara mbili zinaunganishwa, moja inapasuliwa, jina linabadilishwa. Aliyejengea idara ya 2015 ukuta wa mawe atauvunja kwa pesa ya umma. Tena jengo huchukua muda kuliko muhula, na anayeingia hana hamu ya kumaliza jengo la aliyetoka. Miji mingi nchini ina mifupa ya zege ya aina hiyo, na kufikia katikati ya 2024 madeni ambayo kaunti hazijalipa yalikuwa yamepita shilingi bilioni 170. Makandarasi wa ofisi wako kwenye foleni hiyo pia.

Mpango wa maendeleo wa mwaka wa kila kaunti hufikishwa bungeni kabla ya Septemba 1, na makadirio ya bajeti kabla ya Aprili 30. Ni nyaraka za umma, na vikao vya maoni ni vya wote. Nilimwambia shemeji akiona humo mstari wa makao makuu aombe karatasi tatu: idadi ya wanaokaa ofisini kweli, idadi ya wanaokuja dirishani na wanakotoka, na bei ya ofisi za wadi zote. Akacheka. "Shemeji, hizo karatasi zikiwepo zitakuwa kwenye kile chumba chako cha mchwa." Lakini amesema ataziomba, na ameniahidi kunipigia simu akijibiwa.