Simu Inaona Nyota, Mwanao Je? (Sehemu ya 6)



Kiangazi hiki vijana wanarusha sana picha za anga ya usiku: ule mkanda mweupe wa nyota juu ya mikorosho, kila mtu anashangaa. Ujanja wake ni huu. Simu inaegemezwa kwenye tofali isitikisike, kamera inaachwa wazi kama sekunde 20, inakusanya mwanga kidogo kidogo. Ukizidisha muda, nyota zinatoka kama michirizi, kwa sababu dunia inazunguka.

Picha ni nzuri, sibishi. Ila mimi naona tunaisifu kamera na kulisahau jicho la mtoto. Jicho halina sekunde 20 za kusubiri. Ili lione gizani linahitaji vitamini A, na ikipungua, mtoto anaanza kushindwa kuona jioni, wakati mchana anaona vizuri tu.

Sasa sisi tunasemaje? "Huyu mwoga wa giza." "Huyu mzembe, kila saa anajikwaa." Jamani! Mtoto anayeacha kucheza jua likizama, anayepapasa sahani yake, anayegonga mlango wenzake wakipita, msimgombeze. Mleteni zahanati. Upungufu huo ukiachwa unaweza kumpofusha kabisa, na surua au kuhara vikimpata vinamwelemea zaidi.

Dawa ipo. Watoto wa miezi 6 hadi 59 wanapewa matone ya vitamini A kila baada ya miezi 6, Juni na Desemba. Usinunue vidonge ukampa mwenyewe, vikizidi vina madhara. Nyumbani mpe matembele, mchicha, majani ya maboga, viazi lishe, papai na embe. Mboga weka mafuta kidogo, vitamini hiyo inaingia mwilini vizuri zaidi.

Na mkitoka kupiga picha, vaeni mikono mirefu, mbu wa malaria anauma usiku. Ruvuma msisogee, viboko hutoka majini gizani kula majani.

Leo mwezi ukiwa haupo, mtoke uani, muulize mwanao: "Nyota ziko wapi?" Akinyoosha kidole, furahini naye. Asipoziona wakati nyie mnaziona, kesho asubuhi njooni na kadi yake ya kliniki.

Mtumie na mwenzio mwenye mtoto mdogo. Maswali weka hapo chini, nitajibu nikitoka zamu.