Mwenye Boti, Acha Kutoboa Fremu ya Kioo Ovyo!



Najua yupo atakayeuliza: bwana shamba na boti wapi na wapi? Jibu langu ni fupi. Nakufundisha kuanika korosho mpaka zikauke vizuri, nawe unafuata. Kisha unazipakia Kilindoni, mvua ya vuli inakukuta katikati ya maji, na turubai lililoshikizwa kwenye fremu ya kioo cha mbele linang'oka. Unashuka Nyamisati na magunia yaliyolowa. Kazi ya msimu mzima imeharibika kwa safari moja, na kosa si la shambani kwako. Kwa hiyo leo nasema na wenye boti na mafundi wao. Na ninyi wenye mizigo sikilizeni, maana nauli mnalipa ninyi.

Boti nyingi za faiba zenye kioo cha mbele zina fremu ya alumini. Fundi anakuja na drili, anatoboa popote, anakaza skrubu za chuma za kufungia bati, anafunga turubai kwa waya, anachukua hela yake. Siku hiyo linakaa imara kama ngoma. Rudi baada ya miezi michache uone. Kuzunguka kila skrubu pametoka unga mweupe, tundu limepanuka, na skrubu unaitoa kwa kidole.

Huo si uchawi wala si "alumini ya siku hizi". Metali mbili tofauti zikigusana huku zimelowa maji ya chumvi, zinafanya kazi kama betri. Umeme mdogo unapita kati yake, na metali iliyo dhaifu inaliwa. Kati ya chuma na alumini, inayoliwa ni alumini. Ukiweka vifungo vya shaba vya kubonyeza, vile vinavyofanana na vya jaketi, bila kitu cha kuvitenganisha na fremu, hali ni mbaya zaidi. Ndiyo maana nasema fundi huyo hakufunga turubai. Ameanza kuila fremu yako.

"Lakini vifaa vizuri ni ghali"

Hoja hii naisikia kila siku, na siidharau. Mwenye boti naye ana mafuta ya kununua na mkopo wa kulipa. Lakini nenda dukani uulize bei ya skrubu 20 za stenlesi, kisha uilinganishe na bei ya gunia moja tu la korosho, au na fremu mpya na kioo chake. Anayekwepa gharama ya skrubu analipa fremu. Na mara nyingi halipi yeye, anamlipisha mwenye gunia.

Fanya hivi

1. Kama unaweza, usitoboe kabisa. Mwambie fundi cherehani ashone mikanda kwenye ukingo wa turubai, izunguke fremu na kufungwa kwa bizimu za plastiki kama za begi la shule. Hakuna tundu, hakuna kutu.

2. Ukilazimika kutoboa, nunua skrubu za stenlesi. Kwa maji ya chumvi omba namba 316, maana inavumilia kuliko 304. Beba sumaku ya spika mbovu: ikiing'ang'ania skrubu kwa nguvu, hiyo si 316, irudishe.

3. Hata stenlesi usiiache igusane na alumini. Weka washa ya plastiki chini ya kichwa, na upake silikoni ndani ya tundu. Chagua silikoni isiyonuka siki. Ile yenye harufu ya siki inatoa asidi inayokula metali.

4. Zungushia ncha ya drili utepe ili isizame kupita kiasi, na kaa mbali na kioo. Kioo kikipata ufa, hakuna silikoni itakayokirudisha.

5. Funga kwanza vishikio vya kwenye fremu, ukianzia katikati kwenda pembeni, nafasi isizidi shibiri. Ndipo uvute turubai, uweke alama na kutoboa kitambaa. Mahali pa kila kifungo pashonewe kiraka cha pili, la sivyo upepo utapachana.

Waya ni mtego

Hapa sina mjadala na mtu. Nimewahi kupanda boti ambayo turubai la pembeni lilifungwa kwa waya uliosokotwa kwa koleo, na ndani tulikuwa na akina mama na watoto. Nilimwuliza nahodha: tukipinduka, hii inafunguliwaje? Akacheka. Mimi sikucheka. Boti ikilala upande, turubai hilo ni wavu, na samaki ni sisi.

Turubai la pembeni lishikiliwe na kitu ambacho mtoto aliye ndani anaweza kukifungua kwa mkono mmoja: bizimu, kifungo cha kubonyeza, au kitanzi cha raba ya tyubu kwenye ndoano. Upepo ushindwe kulifungua, mtu aweze.

Nanyi wenye mizigo

Kabla hujapakia, angalia mambo matatu. Kuna unga mweupe kwenye fremu? Kuna waya? Turubai linafunguka kwa ndani? Majibu yakiwa mabaya, weka gunia lako chini usubiri boti nyingine. Mkigoma kumi kwa siku moja, kesho yake fundi ataitwa. Mkinyamaza, mtaendelea kuanika korosho mara mbili: mara ya kwanza shambani, mara ya pili Nyamisati, na mnunuzi akizishusha daraja msije kunilaumu mimi.