Nani Atamshikia Zamu Muuguzi wa Upareni?

Kila mwaka ifikapo Juni, wauguzi na wanafunzi wa uuguzi kutoka Ulaya na Marekani huanza kuonekana katika wodi za Moshi na Arusha. Kwao ni majira ya joto na vyuo vimefungwa. Kwetu ni kipupwe, na njia za kupandia Kilimanjaro zimekauka. Pamoja nao huja wauguzi wa Kitanzania wanaofanya kazi ughaibuni, ambao hutenga sehemu ya likizo yao ili watumikie nyumbani. Wapo pia vijana wetu waliohitimu na wangali wakisubiri ajira. Karibu wote huelekea miji ileile: Moshi, Arusha, Unguja. Nimewahi kuhesabu wageni watano wamezunguka kitanda kimoja, huku muuguzi wa zamu akikosa nafasi ya kumfikia mgonjwa wake.

Makala hii inawaomba hao, na wale wanaowapangia vituo, waitazame Same.

Mji wa Same uko takriban kilomita 100 kutoka Moshi, kando ya barabara kuu iendayo Tanga na Dar es Salaam. Abiria wengi huujua kupitia dirisha la basi tu: mji mkavu, wenye upepo, uliolala chini ya milima. Juu ya milima hiyo hali ni nyingine kabisa. Kuna Vudee, Chome, Suji, Mbaga na Mamba, vijiji vya baridi na ukungu, vyenye migomba na tangawizi, na kilele cha Shengena chenye mita 2,462. Ukivuka upande wa mashariki unateremkia Kisiwani, Maore, Ndungu na Kihurio, tambarare ya mpunga na mbu. Hivyo katika wilaya moja muuguzi anaweza kukutana na kichomi cha mtoto wa mlimani asubuhi na malaria kali ya bondeni jioni. Ipo hospitali ya wilaya mjini Same, ipo ya Kilutheri kule Gonja, na chini yake vituo vya afya na zahanati zilizotawanyika mahali ambapo kilomita chache kwenye ramani huwa safari ya saa nzima.

Kiini cha hoja yangu ni zahanati hizo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mtumishi likizo ya mwaka ya siku 28, na mama aliyejifungua siku 84, au 100 akiwa amejifungua pacha. Katika hospitali kubwa haki hiyo hutekelezwa kwa kubadilisha majina kwenye ratiba ya zamu. Katika zahanati yenye wauguzi wawili, mmoja akiondoka, aliyebaki anakuwa wa asubuhi, wa jioni na wa usiku. Nimezungumza na muuguzi mkunga wa zahanati moja ya milimani ambaye kwa miaka mitatu likizo yake imekuwa ya kwenye karatasi. “Daktari,” aliniambia, “nikienda kwetu Kigoma, nani atampokea mtoto atakayezaliwa saa nane za usiku?” Sikuwa na jibu la kumpa. Mtu wa namna hiyo huchoka polepole, na uchovu wake huwafikia wagonjwa kwa njia tunazozifahamu: shinikizo la damu la mjamzito lisilopimwa, dozi iliyokosewa, neno kali kwa mzazi aliyechelewa kliniki.

Kwa hiyo mgeni anayetaka kufaa Upareni asiulize, “Nikasaidie nini?” Aulize, “Ni nani nitamshikia zamu ili apumzike?” Swali hili hubadili mengi, kwanza urefu wa ziara. Kambi za madaktari bingwa, zilizozungushwa katika halmashauri zote nchini kuanzia mwaka 2024, hukaa siku tano katika kila hospitali. Zina manufaa yake, nami naziunga mkono. Lakini siku tano hazimpeleki mtu Kigoma na kumrudisha. Anayemshikia mwenzake zamu akae walau siku 28 kamili, na kabla yake wiki moja ya kujifunza mahali. Wauguzi wa mikataba ya muda huko Marekani kwa kawaida husaini wiki 13, yaani siku 91. Muda huo unatosha likizo nzima ya uzazi ya mkunga wa Chome, pamoja na wiki moja ya makabidhiano.

Upareni wana kumbukumbu ya ziara zilizoanza na kwisha. Kati ya 1955 na 1959, chini ya Mpango wa Malaria wa Pare na Taveta, nyumba zilinyunyiziwa dieldrin, na mbu aina ya Anopheles funestus, msambazaji mkubwa wa malaria, akatoweka majumbani. Unyunyiziaji ulipokoma, malaria ilirudi taratibu. Siwalaumu watafiti wale, walitufundisha mengi. Ila wao waliondoka, na aliyeachiwa homa za watoto alikuwa mhudumu aliyekuwa akiishi hapohapo. Huyo ndiye wa kutunzwa kwanza.

Kuna wenzangu wanaosema kwamba kama ni kusaidia, mgeni aje masika, wakati wa shida, na si kipupwe wakati wa raha. Sikubaliani nao. Mnamo Novemba 2009, mvua za vuli zilileta maporomoko ya udongo huko Goha, Mamba Miamba, yakaua watu zaidi ya 20. Katika msimu kama huo anahitajika mtu anayejua ni daraja lipi hujaa maji, ni dereva gani wa bodaboda hukubali kuteremka usiku, na ni vijana gani wa kuitwa kubeba machela. Mgeni wa wiki mbili hajui hata kimoja. Juni hadi Agosti barabara hupitika na rufaa huwahi. Huo ndio wakati wa kumwachia mgeni funguo, ili mwenyeji aende akapumzike na arudi na nguvu kabla ya vuli. Kwa bahati nzuri, huo ndio wakati wageni walio tayari.

Naongeza masharti ambayo baadhi ya wasomaji watayaona makali. Kila mgeni awe na leseni, au leseni ya muda, ya Baraza la Uuguzi na Ukunga Tanzania. Mwanafunzi asiyeruhusiwa kushona jeraha kwao asishone la Mpare. Mhitimu wetu anayesubiri ajira alipwe, tena apewe nyumba. Kumwita “wa kujitolea” mwaka mzima huku akifanya kazi ya mwajiriwa ni kumdhulumu. Wauguzi wastaafu nao wasisahaulike: wengi wamerudi vijijini kwao hukohuko milimani, wanakijua Chasu, na bibi anayeeleza maumivu yake kwa Chasu hawahitaji mkalimani mbele yao.

Nanyi wagonjwa mna sehemu yenu. Mkikuta sura ngeni zahanati, ulizeni jina lake na atakaa hadi lini. Wapare tunataniwa kwamba tuko radhi kuuza ng'ombe ili kufungua kesi ya kuku; basi udadisi huo tuutumie hapa, kwa adabu. Mama mjamzito aje na kadi yake ya kliniki kila mara, kwa kuwa mgeni hana kumbukumbu ya ujauzito wake uliopita.

Wiki ya makabidhiano isifupishwe kwa sababu yoyote. Mwenyeji na mgeni wahesabu dawa pamoja, wajaribu jokofu la chanjo na mashine ya kumsaidia mtoto mchanga kupumua, na wapige simu pamoja kwa namba 115 ya m-mama ili mgeni asikie usafiri wa dharura unavyoitwa. Wamtembelee mhudumu wa afya wa jamii na mwenyekiti wa kijiji. Kisha wakae na rejista ya wajawazito, MTUHA namba 6, waandike kwenye karatasi moja majina ya kina mama wote wanaotarajiwa kujifungua katika siku hizo 28: aliyewahi kupasuliwa, mwenye upungufu wa damu, anayeishi ng'ambo ya korongo. Karatasi hiyo ibandikwe ukutani, na nakala yake ipelekwe kwa Muuguzi Mkuu wa Wilaya kabla mwenyeji hajapanda basi.